Karavani, mama na ndege: siku 8 tulale wapi?

mtoto_wa_ntinda
Habari zenu jamani. Desemba nataka kumtembeza mama, ana miaka 71 na toka zamani ni mtu wa kutazama ndege, hata kaloli, yule korongo wa jalalani, anaweza kumtazama nusu saa nzima. Shemeji ameniazima karavani yake ndogo ya kuvuta, ina vitanda viwili na jiko la gesi. Kila mtu ananitajia hifadhi za mbali hapa Uganda, Murchison, Queen Elizabeth, Kidepo, sasa naogopa mama asije akaimaliza safari yote kwenye kiti cha gari. Hamu yake kubwa ni kumwona bulwe, yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu. Mliolala kambini nishaurini.

dereva_wa_masaka
Ssebo Kidepo iache, kwa siku nane na karavani nyuma utamuumiza mzee bure. Bulwe yuko kwenye kinamasi cha Mabamba, hapo karibu na Entebbe. Karavani ibaki nyumbani, hiyo ni safari ya siku moja, tokeni usiku mfike saa moja asubuhi mpande mtumbwi na kijana wa pale anayejua wanakojificha. Mimi wa kwanza nilidhani ni gogo, kasimama kwenye mafunjo hatikisiki, tumezima injini tunangoja, dakika ishirini na kitu, halafu akajitupa majini kichwa mbele mabawa wazi, akainuka na samaki kamongo na fungu zima la majani mdomoni, majani akawa anayaacha yadondoke kidogo kidogo kamongo kabaki. Zamani wavuvi walimchukia sana, ukimwona asubuhi basi huko ziwani hupati samaki. Leo haohao wanawapeleka wageni kumwona.

nyabo_darubini
Mama mpe shikamoo yangu. Ukitoka Mabamba rudi uchukue karavani mwende hifadhi ya Ziwa Mburo na mkae hukohuko, siku nne hata tano, msihamehame. Lami ya Mbarara ni nzuri, ukiiacha ndio murram, udongo mwekundu, ikinyesha inateleza kwa hiyo na karavani ingia mchana. Kambi ya ziwani haina uzio, usiku viboko wanatoka kula majani hadi ubavuni mwa hema, giza likiingia mama asitoke peke yake hata kwenda choo, na chakula kifungie ndani ngiri ni wezi. Lakini asubuhi banange! Unamwekea kiti na chai, furukombe anaanza kulia, mdiria wadogo wa bluu wanachomoka kwenye matete, hujawasha gari na tayari una ndege ishirini kwenye daftari. Boti ya hapo pia mpande, mwambieni nahodha mnamtafuta finfuti, ndege wa majini, anaogelea chini ya matawi yaliyoinamia maji, miguu yake ya rangi ya chungwa. Na ndege zuwakulu wa uso mwekundu, kwa Uganda nzima ni huko Mburo tu.

okello_wa_gulu
Mimi ningeongeza Queen siku mbili kwa ajili ya boti ya mfereji wa Kazinga. Mama anakaa kivulini, ndege wanamfuata yeye, mwari, korongo, mdiria weusi kwa weupe kibao, na mwezi huo wageni wa kutoka Ulaya wameshafika. Merlin, ile app ya kutambua ndege, ipakue kabisa ukiwa Kampala, kambini mtandao unakatika.

mtoto_wa_ntinda
Asanteni mno. Mabamba, halafu Mburo siku nne, Queen mbili, nimekata shauri. Nimemsomea mama habari ya kamongo akaniomba nirudie. Mtumbwi wa Mabamba una viti vya kuegemea? Mgongo wake una shida.

dereva_wa_masaka
Hapana ndugu, ni ubao tu. Beba mto mnene, mkalishe katikati, wewe kaa nyuma yake aegemee magoti yako. Mimi mama yangu nilimfanyia hivyo, akasinzia tukirudi.