Kichanga kimefariki kabla ya ubatizo, tumwambie nini mama yake?

Tumsifu Yesu Kristo. Jumuiya yetu hapa Ujiji tumefiwa. Kuna wanaosema mtoto haingii mbinguni.

Jibu: Milele amina. Pole sana. Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 1261 inamkabidhi mtoto kwa huruma ya Mungu, kwa tumaini la wokovu. Kama wazazi walikusudia kumbatiza, askofu anaweza kuruhusu mazishi ya Kanisa. Katekista aambiwe mapema, kabla ya kuzika.

Jibu: Msomeeni 2 Samweli 12:23, Daudi anasema atamwendea mwanawe aliyefariki. “Utazaa mwingine” msiseme kabisa! Mtajeni marehemu kwa jina.

Jibu: Akina mama, maziwa ya mfiwa yatajaa hata kama mtoto hayupo. Awekewe kitambaa cha maji baridi kifuani. Akamue kidogo, akimaliza yote yanazidi. Homa ikipanda, zahanati.