Ushasoma kozi fupi kwengine, chuo kikuhesabie au uanze upya?

Wadau asalaam aleikum. Mjadala wangu leo ni huu: mtu kashasoma kozi fupi ya kazi yake na cheti anacho, halafu anaingia chuo kuchukua diploma ama digrii akute ndani mna yuniti ileile, je chuo kimhesabie krediti airuke ama akae darasani na watoto waliotoka fomu foo juzi? Msimamo wangu ni ahesabiwe, lakini apimwe kwanza.

Mie niko kliaringi, kazi ya kutoa mizigo ya watu forodhani, hapa bandari ya Kilindini Mombasa, mwaka wa 11 sasa. Kabla ya chuo nilifanya EACFFPC, kile cheti cha Afrika Mashariki cha forodha na usafirishaji mizigo ambacho mamlaka za ushuru za nchi zetu zinakiendesha pamoja na vyama vya maajenti. Si kozi ya mchezo ile. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile ya 2004, tuliisoma mpaka tukaiota, tukafundishwa kuainisha bidhaa kwa HS kodi, yani zile namba za kimataifa za kupanga bidhaa, asili ya bidhaa, kupiga hesabu ya thamani kwa CIF yani bei ya mzigo ujumlishe bima na freti (nauli ya mzigo) ndio ushuru ukatwe hapo, na mtihani tulikaa. Baadaye nkajiandikisha diploma ya jioni chuo kimoja hapa mjini, semista ya pili naletewa yuniti ya taratibu za forodha, kufungua noti ni yaleyale. Nkenda ofisini na cheti mkononi, nkaambiwa "hiyo hatuna utaratibu wake." Cheti hakikuangaliwa wala sikuulizwa nilisoma nini. Basi semista nzima natoka kazini nakimbilia darasani, nafika feri ya Likoni usiku, nyumbani watoto washalala, na yote hiyo kwa kitu ambacho kutwa nzima ndio kazi yangu, na karo ya ile yuniti nimelipa kamili kama mtu ambaye hajawahi kuiona entry, ile fomu ya kutangaza mzigo forodhani, na macho yake. Iliniuma na bado inaniuma.

Na hiki si kitu nimekizua mie. Kenya tuna sheria ya mfumo wa kitaifa wa vyeti tangu 2014, ndiyo iliyoleta KNQA, mamlaka inayousimamia mfumo huo, na katika kazi zake mojawapo ni kurahisisha mtu kuhamisha krediti na kusamehewa masomo aliyokwisha kuyasoma. Kwa hiyo chuo kikisema hakina utaratibu, huo utaratibu kilitakiwa kiutengeneze. Marekani wana baraza lao, American Council on Education, tangu enzi za vita vya pili vya dunia wanachambua mafunzo ya wanajeshi na kupendekeza yana uzito wa krediti ngapi, baadaye wakaingiza na kozi za makazini, na kila chuo kinabaki na uamuzi wake wa kukubali ama kukataa. Yani huko chuo hakijanyang'anywa mamlaka, kimepewa tu mtu wa kukifanyia uchambuzi.

Nimerudi kuwajibu waliochangia.

Ndugu aliyesema vyeti vya Kenya vinanunuliwa, hapo sikupingi hata kidogo, ndio maana nkasema mtu apimwe. Wiki ya kwanza ya semista nipe mtihani wa mwisho wa ile yuniti, uleule wa mwaka jana ukitaka ama tunga mpya, nilipie ada ya mtihani peke yake. Nikipita niandikie krediti, nikianguka nitakaa darasani kimya na sitolalamika. Aliyenunua cheti hapo hatoki.

Dada aliyeuliza kuhusu semina za siku mbili hotelini Nyali, hizo mie mwenyewe sizitetei. Kwa mfumo wetu krediti moja ni masaa 10 ya kusoma, siku mbili hata ukizijaza vipi ni masaa 16, hazifikishi krediti mbili, na cheti chenyewe kimeandikwa "amehudhuria". Kuhudhuria hata kiti kimehudhuria. Tusizichanganye na kozi ya miezi yenye mtihani.

Hoja iliyonikaa zaidi ni ya yule mwalimu aliyesema elimu inachacha. Kweli kabisa mwalimu wangu, na hili watu wa kliaringi tunalijua kuliko wengi. Mtu aliyesoma kabla ya Julai 2022 alifundishwa ushuru wa pamoja wa Jumuiya una ngazi tatu, 0, 10 na 25, akija leo na karatasi lake hajui kuna ya nne ya asilimia 35. Simba, ule mfumo wa kompyuta wa forodha, imeondoka tuko kwa mfumo mpya wa iCMS. Incoterms za 2020, yale masharti ya kimataifa ya muuzaji na mnunuzi kugawana gharama na hatari ya mzigo, zimelitoa sharti la DAT zikaweka DPU. Cheti kisichotazamwa umri ni hatari, mzigo unaweza kuozea bandarini kwa sababu ya HS kodi moja iliyokosewa. Lakini angalia mabaharia wetu, mafunzo ya kujiokoa baharini na kuzima moto kila miaka mitano lazima waonyeshe bado wanayaweza, na hakuna anayewaambia warudi kuanza ubaharia. Wanapimwa tu, basi. Mbona kwetu iwe karatasi likizeeka ujuzi wote unafutwa, hata wa mtu ambaye hizo iCMS na hiyo asilimia 35 amezifanyia kazi tangu siku ya kwanza?

Kuna aliyesema vyuo vitakosa pesa. Labda yuniti moja mbili watakosa, ila mie nna wenzangu watatu hapa ofisini wana uzoefu kunishinda na hawataki kusikia habari ya diploma manake wanajua watarudishwa kwa a be che. Hao karo yao haijawahi kufika chuo chochote.

Mwalimu, wewe uko ndani ya chuo na umesema mtihani wa wiki ya kwanza "utavuruga ratiba". Nataka unieleze vizuri, ratiba gani hiyo inavurugika na mtu mmoja kufanya mtihani ambao ushatungwa?