Ushauri: majani gani yanafaa uani Buswelu? Mteremko, mwembe na sehemu inayotuama maji

Mjenzi_Buswelu
Habari zenu wakuu. Nataka kupanda majani uani, eneo ni kama mita za mraba 120. Theluthi mbili jua linapiga kutwa, udongo ni kichanga na kuna sehemu jembe linagonga mwamba. Upande mmoja kuna mwembe mkubwa. Chini karibu na ukuta maji yanatuama mvua ikinyesha. Watoto wanacheza mpira hapo, na maji ya bomba ni ya mgao. Muuza miche anasema nipande kapeti kote. Mnasemaje?

Fundi_Bustani
Kapeti kote hapana, mkuu. Kapeti, ile ya majani mapana, mizizi yake ni ya juujuu. Kwenye kichanga chenye jua, kuanzia Juni hadi Septemba itakauka usipoimwagilia karibu kila siku. Yenyewe inapenda unyevu na kivuli cha wastani, kwa hiyo iweke chini ukutani na pembeni mwa mwembe.

Penye jua na mpira weka ukoka. Unatambaa juu na chini ya udongo, hivyo ukikanyagwa hadi kipara unajiziba wenyewe. Kiangazi unageuka kahawia, lakini mvua za Oktoba zikianza unaamka. Chini ya mwembe usiupande, utadhoofika na kuacha viraka.

Ilemela_Kijani
Naongezea paspalamu. Kwenye mteremko wa kichanga mimi naipa nafasi mbele ya ukoka: mizizi yake inakwenda chini sana, inashika udongo na haidai mbolea nyingi. Ubaya wake ni vile vikonyo vya mbegu vyenye umbo la Y, siku chache baada ya kukata vimeshachomoza tena. Na ni ngumu, kwanja butu linaichana badala ya kuikata, ncha zinabaki nyeupe.

Ukoka nao una ubaya wake. Unaingia kwenye maua na bustani ya mboga bila hodi. Ukiupanda, zungushia matofali yaliyozama sentimita 15.

Mjenzi_Buswelu
Asanteni. Jirani ananishauri majani ya kikuyu, ameyaona Nairobi.

Fundi_Bustani
Yale ni ya nyanda za juu zenye baridi. Mwanza tuko kama mita 1,140 juu ya usawa wa bahari na jua ni kali. Utayalisha maji bure.

Mama_Shamba
Wakuu mmeruka jambo kubwa: NDAGO, lile gugu sugu. Viwanja vingi vinaharibika kwa sababu ya ndago kabla hata majani hayajashika. Mjenzi, mwagilia eneo lote sasa, subiri wiki mbili, kisha kagua. Ukiona jani linalong'aa, lenye shina la pembe tatu ukilivingirisha kwa vidole, ndilo hilo.

Usiling'oe. Chini kuna vinundu vyeusi vilivyoungana kama shanga. Ukivuta, uzi unakatika na kila kinundu kinachobaki kinachipua. Nyunyiza dawa yenye glaifoseti wakati majani yake ni mabichi na bado hayajatoa maua, ili dawa ishuke kwenye vinundu. Subiri wiki tatu, mwagilia tena, yatakayoota yapige mara ya pili. Usinyunyize kukiwa na upepo, wala karibu na mfereji unaoelekea ziwani.

Na udongo wa kununua ukague kabla lori halijamwaga. Chota ndoo moja, chekecha, tafuta vinundu.

Ilemela_Kijani
Mama yuko sahihi. Kuhusu udongo: majani yanahitaji sentimita 15 angalau. Penye mwamba usijidanganye kwa kutandaza sentimita tano, yataungua Julai. Acha jiwe lionekane, Mwanza ni mawe bwana! Kwingine changanya samadi iliyooza vizuri, toroli moja kwa kila mita za mraba 10. Samadi mbichi inaunguza mizizi na inaleta mbegu za magugu.

Pale ukutani rekebisha maji kwanza. Toa mteremko wa sentimita mbili kwa kila mita, ukielekea mbali na msingi wa nyumba, na chimba mfereji wa kokoto. Hata kapeti inaoza ikikaa majini siku nyingi.

Mwembe punguza matawi ya chini hadi mita mbili kutoka ardhini. Karibu na shina kabisa usipande kitu, weka kokoto.

Mjenzi_Buswelu
Nipande lini, na maji nitayapigiaje hesabu?

Fundi_Bustani
Panda mvua zikishaanza kunyesha vizuri, kuanzia katikati ya Oktoba, au Machi. Ukoka kata vipande vyenye pingili tatu au nne, fukia pingili mbili, acha ncha nje, nafasi sentimita 20 kwa 20. Hiyo ni vipande 25 kwa mita ya mraba, yaani kama 2,000 kwa zile mita 80 za jua. Gandamiza kwa mguu. Hewa ikibaki chini, kipande kinakauka. Kwenye mteremko panda kwa mistari inayokata mteremko, isishuke nao, mvua isije ikakuzolea kila kitu.

Wiki tatu za mwanzo mwagilia kidogokidogo asubuhi na jioni. Yakishashika, lita 25 kwa mita ya mraba kwa wiki zinatosha. Mita 80 ni lita 2,000, matanki mawili ya lita 1,000. Gawa mara mbili kwa wiki, usinyunyize kila siku, mizizi itabaki juu. Mgao ukikubana, mwagilia kapeti kwanza, ukoka utavumilia.

Urea weka baada ya wiki sita, gramu 10 kwa mita ya mraba, udongo ukiwa na unyevu, kisha mwagilia. Mvua kubwa ikinukia, ahirisha: itashuka na maji hadi ziwani kulisha magugu maji.

Mama_Shamba
Kukata: bakiza ukoka sentimita tatu au nne, kapeti tano, paspalamu sita. Usiondoe zaidi ya theluthi moja kwa mkupuo. Na watoto wasiingie na mpira kabla hujavuta majani kwa mkono yakagoma kung'oka.