Miti kwenye kipindi cha dini: ni sawa?

Mzazi wa Ipogolo: Assalaam alaykum. Shule ya msingi ya Kiislamu wanakosoma wanangu hapa Iringa imechukua vipindi vya dini vya wiki nzima kupanda miti. Nalipa ada mtoto ahifadhi juzuu za Qur'ani. Mazingira si yamo kwenye sayansi?

Binti Mafinga: Waalaykum salaam kaka. Bukhari na Muslim wamepokea hadithi: Muislamu akipanda mti, ukaliwa na ndege, mtu au mnyama, kwake ni sadaka. Hiyo si dini? Na watoto wanatawadha bomba limeachwa wazi, wakati Mtume (s.a.w.) alikataza kufuja maji hata mtoni.

Ustadhi Kihesa: Dada, hiyo hadithi ya mtoni sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi, imesemwa ni dhaifu. Iliyo sahihi ni kwamba alitawadha kwa mudi moja, kama maji ya viganja viwili vilivyojaa. Mpe mtoto kopo, ataelewa.

Mkulima Kilolo: Mti gani lakini? Kwetu waliletwa wanafunzi wakapanda milingoti (mikaratusi), miti inayonyonya maji mengi, juu ya chemchemi kabisa. Sasa kina mama wanapanga foleni ya ndoo. Sadaka hiyo?

Binti Mafinga: Mzee wangu, milingoti ndiyo imenisomesha. Nguzo za umeme unadhani zinaota Dar?

Mkulima Kilolo: Mwanangu, soma nilichoandika. CHEMCHEMI. Mlingoti upande mlimani, kwenye maji weka mivengi, miti yetu ya asili.

Mwana Usangu: Sheria inakataza shughuli ndani ya mita mia za chanzo cha maji. Kwa hiyo na vinyungu vyenu, hizo bustani za mabondeni, mng'oe.

Ustadhi Kihesa: Ni mita 60. Sheria ya Mazingira ya 2004.

Mkulima Kilolo: Vinyungu vimeingiaje hapa? Mama yangu katulisha mboga na mahindi mabichi kiangazi chote kwa kinyungu kimoja. Mto Ruaha Mkuu unakatika kiangazi tangu miaka ya tisini, na mashamba yenu ya mpunga huko Usangu yako upande wake wa juu. Hilo hulioni?

Mwana Usangu: Wali unakula lakini. Usitufanye sisi wezi wa maji!

Mzazi wa Ipogolo: Jamani, mimi niliuliza juzuu.

Binti Mafinga: Kwani wako kapanda mti gani?

Mzazi wa Ipogolo: Nimemuuliza sasa hivi. Anasema hawakuambiwa jina.

Mkulima Kilolo: Kesho aje na jani, upige picha uweke hapa.