Mama kafanyiwa upasuaji wa utumbo kwa kamera, sukari imepanda. Ni kawaida?

Kitindamimba: Wakuu, habari za usiku. Juzi Jumanne mama (61) alikatwa kipande cha utumbo mpana chenye saratani, kwa kamera. Tumboni ana vitundu vinne na mkato mmoja wa vidole vitatu hivi. Tuliambiwa upasuaji mdogo. Leo sukari 11.4, na hajawahi kuwa na kisukari. CRP (kipimo cha damu kinachopanda mwili ukijeruhiwa au ukipata maambukizi) 118. Bega la kulia linamuuma kuliko tumbo! Shangazi kashaanza kulia, eti kuna kitu kimeharibika ndani.

Sista wa Zamu: Pole sana. Niko wodi ya upasuaji. Kilichopungua ni mkato wa nje tu, ndani utumbo umekatwa na kuunganishwa vilevile. Mwili unamwaga homoni za dharura, kotisoli na adrenalini, ini linatoa sukari, insulini inasuasua. Ndiyo hiyo 11.4. Waendelee kupima, ikigoma juu ya 10 huwa tunachoma insulini kwa muda. CRP nayo hupanda mpaka siku ya 2 au ya 3, kisha hushuka. Ikipita 150 siku ya 3 au ya 4, au akipata homa, moyo kwenda mbio, tumbo kujaa, mwite daktari usiku huohuo. Hapo tunahofia utumbo unavuja pale ulipounganishwa.

Kobe Mpole: Bega ni gesi. Tumbo hujazwa kabonidayoksaidi ili kamera ione, inachokoza kiwambo (msuli wa kupumulia chini ya mapafu), na mshipa wake wa fahamu unatoka shingoni pamoja na wa bega. Mimi lilinitesa siku mbili.

Mbishi Halali: Kama kotisoli inapanda vilevile, hela ya kamera ya nini?

Sista wa Zamu: Kotisoli haitofautiani sana, kweli. Ila CRP haipandi sana kama kwa aliyepasuliwa tumbo zima, na maumivu yakipungua anavuta pumzi vizuri na kutembea mapema. Kitindamimba, uliza kama anaruhusiwa uji na bigijii. Zamani tulisubiri mpaka ajambe 😀 Tangu daktari wa upasuaji Kehlet wa Denmark aanze kulipinga hilo miaka ya 1990, wengi hulishwa mapema.

Kitindamimba: Mrejesho, Jumamosi. CRP 97, sukari 7.9. Katembea hadi dirishani, akauliza nani kamtangazia shangazi habari zake.