Nimpeleke mama Malaysia na kikundi cha ajenti, au tujipangie wenyewe?

BintiWaNyando, Kisumu
Habari zenu. Mama amestaafu ualimu, na sisi watoto tumekubaliana kumpeleka Malaysia mwezi wa nane. Miaka nenda miaka rudi amewafundisha watoto wa watu habari za miti ya mpira na mawese ya huko, sasa anataka kuiona nchi yenyewe. Ajenti ametupa kifurushi cha siku saba: Kuala Lumpur, Penang na Singapore, pamoja na hoteli, basi na kiongozi. Kaka yangu wa Nakuru anasema tujipangie wenyewe. Wasiwasi wangu ni magoti ya mama, na hajawahi kupanda ndege kupita Nairobi. Dipoziti inatakiwa Ijumaa. Mnanishauri vipi?

Mzee wa Section 58, Nakuru
Lipa dipoziti, binti yangu. Sisi tulienda Misri na Israeli na kikundi cha kanisa. Pale mpakani Taba tulivuka salama kwa sababu kulikuwa na mtu wetu wa kuongea na maafisa. Ukisafiri na mzazi unahitaji mtu wa kumpigia simu hata saa nane usiku.

NesiKakamega
Shikamoo mzee. Kwa Taba nakubaliana nawe kabisa. Malaysia ni habari nyingine. Mkenya haombi viza kukaa huko mpaka siku 30, na Kiingereza kinasikika karibu kila mahali mgeni anapopita. Kuna fomu ya kuingia inayojazwa mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika, nayo ni ya bure, kwa hiyo asije mtu akawatoza. Cha lazima ni cheti cha homa ya manjano. Mama achanjwe angalau siku kumi kabla ya safari, na msikubali cheti cha kununua mtaani.

Dada, nilimpeleka mama mkwe huko, naye ana magoti kama ya mama yako, kwa hiyo hili naliongea kwa uchungu. Batu Caves, yale mapango yenye hekalu la Kihindu karibu na Kuala Lumpur, ina ngazi 272. Tulikaa chini kwenye kivuli, tukipumzika, huku watalii wa mabasi wakipandishwa mbio kwa sababu dereva amewapa muda mfupi. Wazee wao walibaki wamesimama juani wakishika mikoba ya wenzao. Tumbili mmoja alishuka kwenye ukingo wa ngazi, akapokonya mfuko wa ndizi mkononi mwa kijana, akaketi palepale kuzimenya moja moja. Mama mkwe alicheka mpaka akashika mbavu. Alipokuwa tayari alipanda kidogo, akapumzika, akapanda tena. Hakuna aliyemwita arudi garini.

Mengi ya mabasi hayo pia hupitia maduka ya chokoleti na vito, maana kiongozi ana kamisheni yake pale. Huo ni muda wa mama yako unaouzwa.

Halafu Singapore, iondoeni. Kwa basi mnashuka mpakani mara mbili, kwanza upande wa Malaysia kisha upande wa Singapore, ambako mnaburuta na mizigo yenu. Nchi tatu za foleni kwa wiki moja, ukihesabu na Nairobi, ni kumtesa mzazi. Bora siku hizo mzipeleke Penang. Treni ya umeme kutoka KL Sentral, stesheni kuu ya Kuala Lumpur, hadi Butterworth, ng'ambo ya kisiwa cha Penang, ni kama saa nne, viti ni vizuri, na mashamba ya michikichi aliyoyafundisha atayaona dirishani. Kutoka hapo mnavuka kwa feri hadi George Town, mji wenyewe wa kisiwani. Kama mnataka kiongozi, mlipeni wa siku moja tu pale mjini.

BintiWaNyando
Asante sana, dada. Na chakula? Mama si mtu wa kujaribujaribu.

NesiKakamega
Mtafutie nasi lemak: wali wa nazi, yai, njugu, tango, na dagaa wakavu waliokaangwa mpaka wakakakamaa kabisa. Mtu wa Kisumu atawaita omena na kumaliza sahani. Pilipili waiweke kando. Asubuhi kuna roti canai, hiyo ni chapati ya kuchovya kwenye mchuzi.

Mzee wa Section 58, Nakuru
Kwa maelezo hayo sibishani. Lakini ndege ikichelewa Nairobi?

NesiKakamega
Swali zuri, mzee. Nunueni tiketi moja kuanzia Kisumu hadi Kuala Lumpur, msiunganishe mbili tofauti. Mkikosa ndege ya pili kwa sababu ya kwanza kuchelewa, shirika ndilo linalowatafutia nyingine. Na wakati wa kukata tiketi ombeni kiti cha magurudumu kwa ajili ya mama, hakilipiwi. Anapokelewa mlangoni mwa ndege, anasukumwa mpaka uhamiaji, nawe unatembea kando yake.

BintiWaNyando
Hilo la kiti sikulijua, na ajenti hakulitaja. Dipoziti silipi. Kesho naulizia chanjo.