Unapiga picha mchoro wangu KWANZA, ndipo unasema haufanani na wewe?!

Wakuu, habari za jioni, ingawa kwangu ni mbaya. Naandika vidole bado vyeusi kwa penseli, mnisamehe nikikosea herufi.

Kuna bosi mmoja hapa Mwanga, Kigoma mjini. Simtaji, mnamjua. Yule ambaye tumbo linafika kikaoni dakika tano kabla yake. Ijumaa kasimamisha gari pale ninapochorea, kaniambia, "Dogo, nitoe vizuri. A3, na fremu." Tukakubaliana wekundu wanne. Elfu arobaini wakuu! Na vyuma vilivyokaza hivi, nilitaka kumbusu.

Nimekaa na ile sura siku nne. Nimepiga miraba, nimepima jicho kwa jicho, nimeanza na HB, kivuli 2B, nywele 6B. Nywele zenyewe hana, nimemwotesha kwa heshima. Kidevu cha pili nimekifuta, wala sikumdai. Nikapuliza spray ya nywele ili penseli isifutike, spray ya kuazima kwa dada wa saluni. Kioo na fremu nimekopa kwa fundi.

Leo saa nane kaja. Kashika, katazama wee. "Hebu niipige picha nje, kwenye mwanga." Akapiga moja. Akasogea pembeni, akapiga ya pili. Akamwambia dereva ainyanyue kidogo, akapiga ya TATU. Halafu ndipo ananirudishia: "Dogo, huyu siyo mimi. Pua kubwa."

Baada ya picha tatu!

Mwanawe yumo kwenye gari, hata miaka mitatu hana, anagonga kioo na kuonyesha fremu: "Baba! Baba!" Mtoto kamtambua, mwenye sura hajitambui. Bosi akaniachia buku mbili "ya soda", wakaondoka.

Saa kumi nafungua simu. DP yake ni nini? Mchoro wangu! Kakata pembeni pale penye sahihi yangu. Kwenye grupu la mtaa watu wanammiminia "umetoka mkuu", naye anajibu "asanteni". Pua ni ile ile! Haijapungua hata kidogo!

Mimi njaa naijua. Wateja wangu wengi ni wavuvi, Ziwa Tanganyika lilipofungwa uvuvi 2024, Mei 15 hadi Agosti 15, nilikaa pale nachora nzi. Hata siku za kawaida, mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, wavuvi wa Kibirizi wanakwambia wazi, "Sina kaka, subiri giza." Huo ni uungwana. Hakuna aliyewahi kunipiga picha tatu halafu akasema pua.

Nimfanyeje? Fremu ninayo hapa ndani, inanitazama.

Mgebuka_Mkavu: Ulichukua kianzio?

Mleta uzi: Mtu mzito vile unaanzaje kumdai kianzio?

Mgebuka_Mkavu: Basi hongera, una picha ya bosi ukutani kama ofisi ya serikali.

BintiUjiji: Kazi imepokelewa na mtoto. Mpelekee mtoto bili 😂😂

Kiti_cha_Dirishani: Weka picha tuione hiyo pua, tusije tukamwonea mtu.

Mleta uzi: Nikiweka nimemtaja.

Kiti_cha_Dirishani: Kumbe inafanana sana.

Mleta uzi: SI NDICHO NINACHOSEMA TANGU MWANZO

Jua_la_Gungu: Kaka badilisha kazi. Siku hizi programu ya simu inakutoa kwa penseli sekunde tano, bure, na pua inapunguza yenyewe.

Mleta uzi: Hiyo programu yako iletewe pasipoti ya marehemu iliyoliwa na mende nusu uso, familia inataka picha ya msibani kesho asubuhi, tuone. Mimi naitoa.

Jua_la_Gungu: Nusu iliyoliwa unaijuaje?

Mleta uzi: Namwita kaka yake, anakaa mbele yangu.

Cherehani_Butterfly: Wewe unalilia penseli? Mama mmoja kachukua gauni kwangu Jumamosi, Jumatatu kalirudisha linanuka pilau, eti linambana. Mgongoni kuna alama ya mkono wa mtoto, ya mafuta.

BintiUjiji: Sasa huyo alibanwa na gauni au na pilau?

Mama_Ngai: Afadhali ninyi. Mimi leo nimeuziwa mawese yenye maji. Nimeweka sufuriani yakaanza kunirukia kama nimeyatukana. Dumu zima!

Mzee_wa_Dagaa: Mawese ya kuokoteza njiani ndivyo yalivyo. Fuata Simbo, unayaona yanavyokamuliwa.

Mama_Ngai: Na nauli nitoe wapi baba yangu, wakati wale wa mikopo ya kausha damu wananisubiri mlangoni?

Mgebuka_Mkavu: Dumu la lita ishirini Simbo linakwendaje sasa hivi?

Mzee_wa_Dagaa: Njoo inbox. Mimi mwenyewe ninayo.

Cherehani_Butterfly: Wewe si ndiye uliyeniuzia dagaa wenye mchanga mwezi uliopita?

Mzee_wa_Dagaa: Mchanga ni wa ziwani dada, wameanikwa chini. Unataka niwaanike kwenye kochi?

Mleta uzi: Wakuu, tulikuwa kwenye pua.

BintiUjiji: Dagaa wanaoanikwa kwenye chanja hawana mchanga, usitudanganye.

Mzee_wa_Dagaa: Wa chanja bei yake utaiweza?

Mleta uzi: Kabadilisha DP sasa hivi. Kaweka ile ya pili, aliyopiga kwa pembeni.

Mama_Ngai: Mzee, hayo mawese yako hayana maji?

Mzee_wa_Dagaa: Yamebaki madumu mawili.